Barabara ya Mjomba: kutoka Silver Spring hadi Lake George tukitafuta migahawa iliyokufa

Jumapili, Silver Spring, Maryland, jirani na Washington

Mjomba amefika salama kutoka Tanga. Hii ni Septemba 2022, na yeye aliteremka Philadelphia kwa mara ya kwanza mwaka 1972, kijana wa miaka ishirini aliyekuja kusomea uhandisi. Nilikuwa nimemwandalia ratiba ya wageni: Ikulu ya Marekani, Sanamu ya Uhuru, maporomoko ya Niagara. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hayo nimeyaona. Nipeleke pale tulipokuwa tukila, nikaone kama pangalipo."

Mchana alikuwa darasani, usiku akikaanga chipsi kwenye tawi la Gino's. Ukimtajia Gino's, Hot Shoppes, Horn & Hardart, Chock full o'Nuts au Howard Johnson's, uso unamchanua. Ilikuwa migahawa ya chakula cha haraka, bei ya mtu wa kawaida, yenye matawi kila upande wa pwani hii ya mashariki. Ile ya zamani yote imetoweka. Majina mengine yamebaki kwenye makopo ya kahawa, mengine kwenye mabango ya hoteli, lakini meza zile hazipo tena.

Nimepata ruhusa kazini, shemeji ametuazima gari. Tutaanzia hapa Washington na kupanda kaskazini hadi Lake George, jimbo la New York, ambako Howard Johnson's ya mwisho kabisa imefungwa mwaka huu huu. Nimechukua pia daftari langu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma habari za migahawa hiyo na za Waafrika waliopita humo kabla ya Mjomba. Sijamwambia. Nataka kwanza nimsikie yeye.

Jumatatu, Washington

Tumeanzia Barabara ya 14, upande wa Columbia Heights. Hapa mwaka 1927 J. Willard Marriott na mkewe Alice walifungua kibanda cha viti tisa, wakauza soda baridi ya A&W. Joto la Washington halina mchezo, soda ikatoka. Ilipoingia baridi hakuna aliyeitaka tena, wakalazimika kupika vyakula vya moto vyenye pilipili, Alice akichukua mapishi ubalozi wa Mexico. Kibanda kikaitwa Hot Shoppes. Kikazaa matawi, wahudumu wakawa wanampelekea mteja sinia mpaka dirishani mwa gari lake. Mwaka 1937 wakaanza kufunga chakula cha abiria wa ndege, mwaka 1957 wakafungua hoteli ya kwanza. Hoteli zikaenea dunia nzima. Hot Shoppes ya mwisho ilifungwa mwaka 1999, kule kwetu Maryland.

"Kumbe hoteli zote zile mama yao ni soda," Mjomba akasema, na akataka apigwe picha pale kando ya barabara, ingawa hakuna cha kuonyesha isipokuwa maduka ya leo.

Tukateremka na barabara hiyo hiyo hadi katikati ya mji, eneo lililokuwa na nambari 725. Hapa palikuwa na tawi la Thompson's. Watu wengi wa leo hawajawahi kulisikia jina hilo, ilhali mwanzoni mwa karne ya 20 John R. Thompson wa Chicago alikuwa na moja ya kampuni kubwa kabisa za migahawa nchini: unachukua chakula kaunta, unakaa kwenye kiti chenye mkono mmoja mpana unaotumika kama meza, unakula, unarudi kazini. Tarehe 28 Februari 1950 aliingia humo Mary Church Terrell, mwalimu mstaafu wa miaka 86, mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani, pamoja na wenzake. Wakaambiwa hapa hatuhudumii watu weusi. Walijua kwamba watakataliwa na walilitaka hilo litokee mbele ya mashahidi, kwa sababu wanasheria walikuwa wamezifukua sheria mbili za jiji, za mwaka 1872 na 1873, zilizokataza ubaguzi migahawani, ambazo hazikufutwa wala kutekelezwa. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi. Tarehe 8 Juni 1953 majaji wakasema sheria zile zingali hai. Siku chache baadaye Mama Terrell akarudi pale pale Thompson's na sinia lake, akahudumiwa.

Mjomba hakuwahi kula Thompson's. Aliuliza jambo moja tu: umri wa yule mama. Nikamrudia, miaka 86. Akatikisa kichwa akasema, "Umri wa bibi yako alipokuwa hataki tena hata kwenda sokoni."

Alasiri tuliingia Jumba la Taifa la Makumbusho ya Historia ya Marekani. Kipande cha kaunta ya Woolworth ya Greensboro, North Carolina, kipo, na viti vyake vinne. Woolworth lilikuwa duka la vitu vya bei rahisi lenye kaunta ya chakula ndani. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne weusi, Ezell Blair, David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil, walikaa wakaagiza kahawa. Hawakupewa, wala hawakuondoka mpaka duka lilipofungwa. Kesho yake wakaja wengi zaidi. Kaunta ile ilifunguliwa kwa wote mwezi Julai mwaka huo. Maduka yenyewe ya Woolworth yalikufa nchini Marekani mwaka 1997. Mjomba aliangalia viti vile kwa jicho la mtu aliyewahi kusimama upande wa pili wa kaunta. "Hivi vimepangwa karibu karibu," alisema. "Ukikaa, bega lako linagusana na la jirani. Hapo ndipo palipowauma."

Jumanne, Laurel na Baltimore

Siku fupi. Laurel tulisimama kwa ajili ya Little Tavern, vibanda vyeupe vyenye paa la kijani vilivyofanana na nyumba za vijijini Uingereza, vilivyouza baga ndogo ndogo ambazo watu walinunua kwa mfuko. Cha hapa kiligeuka baadaye kuwa cha donati. Cha mwisho kilifungwa Dundalk mwaka 2008.

Dundalk ndiko tulikokuwa tunakwenda, kwa sababu ndiko ilikoanzia Gino's mwaka 1957. Gino Marchetti na Alan Ameche walikuwa wachezaji wa Baltimore Colts, timu ya mpira wa Kimarekani. Tarehe 28 Desemba 1958 walicheza fainali na New York Giants, muda ukaisha wakiwa sare, wakaongezewa muda, Ameche akaivuka mstari na mpira mkononi, 23 kwa 17. Marchetti alikuwa amevunjika kifundo cha mguu mechi hiyo hiyo. Baada ya ushindi huo, nani Baltimore angekataa kula baga ya mashujaa wale? Na wateja walikuwepo: kiwanda cha chuma cha Sparrows Point kilikuwa hapa jirani, watu wanaingia zamu na kutoka zamu mchana na usiku.

Mjomba alikaa ndani ya gari mlango ukiwa wazi, akaanza kusimulia. Kazi yake ilikuwa kwenye mafuta. Vikapu viwili, kimoja kinazama kingine kinachuja, chumvi ikiwa bado inachemka, kwa sababu ikipoa haishiki. Baga kubwa ya ghorofa mbili waliita Gino Giant. Kuku wa Kentucky Fried Chicken nao waliuza, kwa leseni. Saa sita usiku waliingia manesi, madereva wa basi, polisi, na vijana waliotoka disko. "Kulikuwa na mzee mmoja," alisema, "kila usiku kahawa moja, anakaa mpaka tunafagia. Meneja alituambia msimguse, mwacheni. Sikujua jina lake mpaka naondoka. Lakini asipokuja tulikuwa tunaulizana."

Mwaka 1982 Gino's iliuzwa kwa Marriott, ile ile iliyoanza na kibanda cha viti tisa, na matawi yakabandikwa jina la Roy Rogers. Mjomba alikuwa amesharudi Tanga. Habari aliipata kwa barua kutoka kwa mwenzake waliyefanya naye kazi.

Jumatano, Barabara Nambari 40 na Dover

Leo nimefungua daftari.

Tuliiacha barabara kuu ya magari ya kasi makusudi, tukashika Barabara Nambari 40 kutoka Baltimore kwenda Delaware. Njia inapita Edgewood, Aberdeen, Havre de Grace, Elkton: maduka ya matairi, moteli za zamani, uwanja wa magari yaliyotumika. Kabla Rais Kennedy hajaizindua barabara mpya mwezi Novemba 1963, hii ndiyo waliyopita wengi waendao New York kwa gari kutoka Washington. Mwaka 1960 peke yake nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Mabalozi wao walikuwa na ofisi Washington na kiti Umoja wa Mataifa huko New York, kwa hiyo walipita hapa wiki baada ya wiki, na migahawa mingi ya hapa ilikuwa haimpi mtu mweusi hata kikombe cha kahawa.

Juni 1961, karibu na Edgewood, balozi wa Chad, Malick Sow, alisimama katika mgahawa mmoja wa barabarani akakataliwa. Alikuwa njiani kwenda kukabidhi hati zake kwa Kennedy. Mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere alikwenda Ikulu kumwona Kennedy, Tanganyika ikiwa imebakiza miezi mitano tu kupata uhuru. Serikali ya Marekani iliona aibu, ikatuma maofisa kuzunguka barabarani kuwabembeleza wenye migahawa. Hapo ndipo waandishi watatu weusi wa gazeti la Afro-American la Baltimore walipofanya jambo ambalo kila nikilisoma nasimama. Agosti 1961 walikodi gari la kifahari, wakavaa kama wageni wa heshima, wakajiita ujumbe kutoka nchi iitwayo Goban, nchi isiyokuwepo popote duniani. Migahawa kadhaa iliyokuwa ikiwafukuza weusi wa Baltimore iliwakaribisha kwa heshima zote. Mgeni wa kubuni alipata meza, na mzaliwa wa mtaa wa pili hakupata.

Mjomba alicheka mwanzoni. Halafu akanyamaza, akaniuliza, "Nani alikuwa anawahudumia wale wa Goban? Wahudumu weusi?" Sikuwa na jibu la hilo.

Tulipovuka mpaka wa Delaware tukageuza kusini kuelekea Dover. Humo ndani ya gari nikamsomea ya Gbedemah.

Komla Agbeli Gbedemah alikuwa waziri wa fedha wa Ghana. Oktoba 1957, miezi saba baada ya uhuru wa nchi yake, alikuwa safarini kwenye barabara hii na katibu wake, Bill Sutherland, Mmarekani mweusi. Wakasimama Howard Johnson's ya Dover kunywa juisi ya machungwa, glasi mbili, senti 30 kila moja. Mhudumu akapokea pesa, akaziweka juisi kwenye mfuko, akawaambia kukaa hawaruhusiwi. Gbedemah akaeleza yeye ni nani. Haikusaidia. Akawaachia juisi na chenji, akawaambia mambo hayataishia hapo. Kisha akawaeleza waandishi wa habari jambo ambalo halikuwa na majibu: Makamu wa Rais Nixon alikula nyumbani kwake alipokwenda Ghana, iweje yeye asiweze kunywa juisi barabarani Marekani? Tarehe 10 Oktoba Rais Eisenhower akamwalika Ikulu kwa kifungua kinywa.

Huyo Bill Sutherland baadaye alihamia kwetu. Aliishi Dar es Salaam miaka mingi, nyumba yake ikawa kituo cha wapigania uhuru waliopita mjini. Mtu aliyenyimwa kiti Dover ndiye aliyewapa wengine viti Dar.

Mjomba aliniambia nisimamishe gari. Tukaegesha kwenye kituo cha mafuta. Kimya kirefu, halafu: "Mimi nimekula Howard Johnson's miaka yote niliyokuwa hapa. Hakuna aliyeniambia." Akahesabu kwa vidole. Kutoka 1957 hadi 1972 ni miaka kumi na tano. "Nilikuwa nakaa dirishani kabisa. Nimemwandikia mama barua nikiwa nimekaa dirishani kwao."

Nilitegemea hasira. Alilolisema baadaye sikulitegemea. Alitaka kujua habari za yule mhudumu. "Mimi nimefanya kazi zile," alisema. "Unaambiwa mtu wa namna fulani usimpe, unafanyaje? Una kodi ya nyumba. Lakini ule mfuko. Ameichukua juisi ya mtu aliyekwisha kulipa, akaitia kwenye mfuko. Ule mfuko aliufunga kwa mkono wake."

Nikamweleza yaliyofuata, kwamba Howard Johnson's ilikuwa inamhudumia kila mtu sehemu nyingi za kaskazini na kufuata ubaguzi wa wenyeji kwingineko; kwamba Durham, North Carolina, watu waliandamana mbele ya paa lile la rangi ya machungwa mwaka 1962 na 1963 na wengi wakakamatwa; kwamba sheria ya haki za kiraia ya tarehe 2 Julai 1964 ndiyo iliyofungua milango nchi nzima. "Basi kile kiti cha dirishani nilipewa na watu hao," alisema. Tukala Dover, mgahawa mdogo wa Wameksiko, chakula kizuri sana. Jioni tukaingia Philadelphia.

Alhamisi, Philadelphia

Asubuhi Mjomba alitaka tupite West Philadelphia, mtaa wake. Chumba alichopanga kipo. Kona iliyokuwa na Gino's yake sasa ni duka la dawa. Aliingia, akanunua dawa ya kikohozi asiyoihitaji, akatoka akiwa na furaha. "Sakafu imeinama pale pale," aliniambia. "Tulikuwa tukimwaga maji ya kusafishia, yanakwenda kona ile ile."

Mchana Barabara ya Chestnut, nambari 818. Joseph Horn na Frank Hardart walifungua hapa mwezi Juni 1902 mgahawa ambao haukuwa na mhudumu. Mitambo iliagizwa kutoka Berlin. Ukuta mzima umejaa vidirisha vya kioo. Nyuma ya kila kimoja pana sahani moja: pai, maharage ya kuoka, makaroni. Unatumbukiza sarafu, unazungusha kitasa, mlango unafunguka. Nyuma ya ukuta wapishi wanajaza palipobaki tupu, huwaoni. Waliuita Automat. Kipande cha ukuta huo, chenye nakshi, kimehifadhiwa na jumba lile lile tulilolitembelea Jumatatu. Mjomba anasema hapa Philadelphia hakuwahi kuitumia mitambo hiyo. Aliikuta New York.

Ijumaa, New York

Gari tumeliacha New Jersey, tumeingia kwa treni. Swala ya Ijumaa tumeswali msikiti wa Mtaa wa 96, kisha treni ya chini ya ardhi hadi Mtaa wa 42. Kona ya Third Avenue palikuwa na Automat ya mwisho duniani ya Horn & Hardart. Ilifungwa Aprili 1991.

Hapa Mjomba alipata maneno. Alikuwa akija New York kwa basi siku za mapumziko, mfukoni ana nauli na dola chache. Alikuwa akibadilisha noti kwa mama aliyekaa ndani ya kibanda cha kioo, ambaye alihesabu sarafu kwa vidole bila kuziangalia. Kahawa ilitoka mdomoni mwa pomboo wa shaba. Alipenda mchicha wa krimu, kwa sababu ulikuwa unamkumbusha mchicha wa nazi, ijapokuwa haukufanana nao. Baada ya hapo unakaa. Hakuna anayekuletea hesabu, kwa kuwa umeshalipa. Meza ya watu wanne wanakaa watu wanne wasiojuana: karani, fundi wa viatu, mwanamke aliyevaa kofia ya manyoya, mwanafunzi kutoka Tanga.

Nadhani hiki ndicho wanachokililia watu wanapoililia migahawa iliyokufa, na wana haki ya kukililia. Chakula cha haraka kipo tele, kingine kitamu kuliko cha zamani. Kilichoadimika ni mahali ambapo mtu asiye na pesa anaweza kukaa saa nzima kwa bei ya kikombe kimoja, mlangoni haulizwi lolote, ndani hafukuzwi. Automat ilikuwa hivyo hata kwa watu weusi wa mji huu. Colin Powell, mtoto wa wahamiaji wa Jamaika aliyekulia Bronx akaja kuwa waziri wa mambo ya nje, aliikumbuka kwa upendo mpaka uzeeni. Kitasa kilifuata sarafu tu. Leo tumeona migahawa ambayo agizo unalifanya kwenye kioo kirefu ukutani, chakula kinatokea dirishani ndani ya mfuko, na viti vimeondolewa kabisa. Mjomba aliutazama ule mfuko, akanitazama mimi. Hatukuhitaji kusema kitu.

Kilichoiua Automat ni sarafu ile ile iliyoijenga. Kahawa ilikuwa senti 5 tangu mlango wa kwanza wa New York ulipofunguliwa mwaka 1912 hadi mwaka 1950. Gharama zilipopanda, bei ya haki ingekuwa senti 6 au 7, lakini tundu la mtambo lilijua sarafu ya senti 5 tu, kwa hiyo ikabidi iruke mara moja hadi 10. Wateja walikasirika. Wakazi wakahamia pembezoni mwa mji, usiku pakawa patupu, na miaka ya 1970 kampuni yenyewe ikageuza baadhi ya kumbi zake kuwa Burger King.

Jioni nilimsomea habari moja zaidi, na hii nilikuwa nimeitunza kwa sababu ni njema. Chock full o'Nuts ilikuwa na kaunta nyingi mjini hapa, kahawa na sandwichi ya mkate wa tende iliyopakwa jibini laini, bakshishi marufuku. Mwaka 1957, mwaka ule ule wa juisi ya Dover, Jackie Robinson, mchezaji mweusi maarufu, alipostaafu besiboli, kampuni hiyo ilimfanya makamu wa rais anayesimamia wafanyakazi. Miaka miwili baadaye Tom Mboya alikuwa akitafuta nauli ya ndege ya wanafunzi wa Kenya waliopata nafasi vyuoni Marekani. Barua ya kuomba michango ilitiwa saini na Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Septemba 1959 ndege ilitua New York na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata akaja Wangari Maathai, ambaye alisimulia kwamba wakiwa kwenye basi kwenda Kansas walisimama Indiana kununua soda, wakaambiwa wakanywee nje.

"Kwa hiyo aliyetusomesha alikuwa mwenye kahawa," Mjomba akasema. Kwa lugha yake "sisi" ni Afrika Mashariki nzima.

Jumamosi, Lake George

Safari ya saa nne kaskazini, Albany tukaipita bila kusimama. Milima inaanza, misonobari, ziwa linaonekana kwa chini. Mjomba alizungumza njia nzima juu ya Howard Johnson's. Mwanzilishi alianza mwaka 1925 na duka la dawa lenye kaunta ya aiskrimu huko Quincy, Massachusetts, akafikisha ladha 28. Alichagua paa la rangi ya machungwa ili dereva alione kutoka mbali. Chakula kilipikwa jiko kuu, kikagandishwa, kikasambazwa kwa malori, ndiyo maana kombe wa baharini wa kukaanga wa Maine alikuwa na ladha ya wa Florida. "Kombe wale ndio walionifanya nijisikie Mpwani," alisema. Matawi yalipita elfu moja. Halafu likaja tatizo la mafuta la mwaka 1973. Mjomba mwenyewe alisimama foleni za petroli Philadelphia kwenye theluji. Mgahawa unaoishi kwa wasafiri ulikosa wasafiri. Waingereza wa kampuni ya Imperial walikubali kuununua mwaka 1979, Marriott ikauchukua mwaka 1985, ikagawa: majengo huku, jina kule.

Jengo tulilikuta limefungwa. Hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na mwanamume wa Kimarekani, mweupe, makamo ya Mjomba, amekuja na mkewe kutoka Connecticut kupiga picha. Walikula hapa siku mbili baada ya harusi yao. Wale wawili wakaanza kubishana kwa furaha kuhusu aiskrimu: yule akisema ya pistashio ndiyo bora, Mjomba akishikilia ya kahawa. Wakakubaliana juu ya kombe. Mke akasema alihisi kama amefiwa waliposikia pamefungwa, na macho yake yalionyesha kwamba alimaanisha.

Hapo Mjomba akasema, "Ngoja niwasimulie ya Dover."

Aliisimulia yote, polepole, kwa Kiingereza chake cha zamani kizuri: waziri, katibu wake, senti 30, mfuko, Nixon, kifungua kinywa cha Ikulu. Hakupandisha sauti. Akamaliza kwa kusema kwamba yeye mwenyewe amejua Jumatano tu, na kwamba bado anawatamani kombe wale. Yule bwana alisema amekula kwenye paa hili tangu utotoni, na habari hiyo hakuisikia hata siku moja, shuleni wala nyumbani. Hakujitetea. Alitoa simu, akafungua sehemu ya kuandikia, akamwomba Mjomba amtajie jina la waziri herufi kwa herufi.

Mjomba akasogea karibu ili aone vizuri kioo cha simu, akaanza: "G, halafu B, zote mbili pamoja. Usiweke irabu katikati."